Jozi Chache Zinazotawala Nyota Laki: Hotuba Kuhusu Mafungunyota Tufe

Mabibi na mabwana, wapenzi wa anga,

Penye giza totoro, anga la kusini likiwa juu yako, kuna nukta mbili za ukungu ambazo jicho tupu huziona bila shida: Omega Centauri na 47 Tucanae. Johann Bayer alipochapa atlasi yake mwaka 1603 aliipa ile ya kwanza herufi ya Kigiriki, kana kwamba ni nyota moja. Leo tunajua ina nyota zipatazo milioni 10, na iko umbali wa zaidi ya miakanuru 17,000. Ile ya pili iko karibu miakanuru 15,000. Zote mbili ni mafungunyota tufe, yaani makundi makubwa ya nyota zilizoshikana kwa mvutano wao wenyewe katika umbo la mpira. Galaksi yetu ina zaidi ya 150 ya namna hiyo, na mengi yana umri unaozidi miaka bilioni 10.

Uzuri wake tuwaachie wapiga picha. Hapa tutazungumza jinsi mafungu haya yanavyoendeshwa ndani: nishati inatoka wapi, inakwenda wapi, nani anamlipa nani. Na kuna jambo moja litakalorudi tena na tena mpaka mtachoka nalo: hatima ya nyota laki moja iko mikononi mwa jozi chache za nyota zinazozungukana. Anayezisahau jozi hizo, awe kwenye darubini au kwenye kompyuta, hupata jibu lisilo sahihi, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi jibu hilo linapendeza.

Tuchukue fungunyota moja la mfano tutakalolitumia hadi mwisho. Lina nyota 100,000, kila moja kwa wastani ina nusu ya tungamo la Jua, kwa hiyo jumla ni mara 50,000 ya Jua. Nusu ya tungamo hilo imo ndani ya nusukipenyo cha parsek 3, yaani miakanuru 10 hivi. Ukipima kasi za nyota zake katika mwelekeo mmoja, utakuta zinatawanyika kwa takriban kilomita 3 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ndogo sana kwa mambo ya anga. Dunia inalizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Parsek moja kwa kasi ya kilomita moja kwa sekunde ni safari ya karibu miaka milioni moja, kwa hiyo nyota yetu huvuka ile nusukipenyo kwa muda wa miaka kama milioni moja.

Watu wengi hudhani nyota hizo zinagongana ovyo. Hata katika kiini chenye msongamano wa nyota 100,000 kwa kila parsek ya ujazo, umbali wa wastani kati ya nyota na jirani yake ni kama mara 4,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Umbali huo wa Dunia na Jua wanaastronomia huuita kizio astronomia; mimi nitasema kizio tu. Nyota yenyewe nusukipenyo chake ni chini ya kizio 0.005. Kugongana ana kwa ana kupo, lakini ni nadra. Kinachofanya kazi ni kuvutana kwa mbali.

Kila nyota inapopita karibu na nyingine hupindishwa kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kila haba huja kwa kuongeza au kwa kupunguza bila mpangilio, kwa hiyo kibaba hujaa taratibu: ukitaka badiliko mara mbili, subiri mara nne. Kuna tabia moja ya ajabu ndani yake. Mikutano ya umbali wa vizio 100 hadi 1,000 inachangia sawa na ile ya vizio 1,000 hadi 10,000, kwa sababu ya mbali ni dhaifu lakini ni mingi. Ndiyo maana logi ya idadi ya nyota hujitokeza katika kila fomula ya fani hii. Muda unaotosha nyota kusahau njia yake ya awali tunauita muda wa kusawazika.

Kuuhesabu si kazi. Zidisha 0.138 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nyota, kisha kwa nusukipenyo cha nusu tungamo kilichopandishwa hadi 1.5. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha tungamo la wastani, kwa kipeuo cha pili cha kanuni ya mvutano (namba isiyobadilika inayopima nguvu ya mvutano), na kwa logi asilia ya 0.11 mara idadi ya nyota. Kwa parsek, tungamo la Jua na kilomita kwa sekunde, kanuni ya mvutano ni 0.0043. Kwa fungunyota letu la mfano utapata takriban miaka milioni 500. Kosa la kawaida hapa ni kutumia nusukipenyo kinachoonekana kwenye picha badala ya kile cha kweli katika vipimo vitatu. Kile cha picha ni kama robo tatu tu ya cha kweli, na kwa kuwa kinapandishwa hadi 1.5, muda wako unapungua kwa theluthi moja nzima.

Sasa linganisha. Kilimia, lenye nyota kama elfu moja, lina umri wa zaidi ya miaka milioni 100, na muda wake wa kusawazika unakaribia huohuo. Omega Centauri, kwa ukubwa wake, muda wake katika nusu tungamo unazidi umri wa mafungunyota yote tunayoyajua, kwa hiyo bado lina kumbukumbu za kuzaliwa kwake. Galaksi nzima ingehitaji mamilioni ya mara ya umri wa ulimwengu. Mafungunyota tufe yako katikati: yana muda wa kutosha kubadilika mara nyingi tangu yazaliwe, na hapo ndipo utamu wa fani ulipo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatatiza hata waliosoma fizikia kwa miaka. Mfumo unaoshikwa na mvutano wake wenyewe una nishati mwendo ambayo ni nusu ya ukubwa wa nishati yake ya mvutano. Jumla basi ni hasi, na ukubwa wake ni sawa na nishati mwendo. Ukiunyang'anya mfumo huo nishati, unasinyaa na nyota zake zinakwenda kasi zaidi. Unapoza, unapata moto. Setilaiti inayokwaruzwa na hewa ya juu hufanya vivyo hivyo: inashuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo mwendo wake unavyozidi.

Kiini cha fungunyota ni cha moto kuliko viunga vyake. Nishati inatoka kiini kwenda nje. Kiini kikipoteza, kinasinyaa na kuwa cha moto zaidi, tofauti inakua, nishati inatoka kwa haraka zaidi. Hakuna breki. Antonov alionyesha mwaka 1962 kwamba mfumo kama huu ndani ya ukuta hauwi tena imara pale msongamano wa kati unapozidi ule wa ukingoni kwa mara 709. Lynden-Bell na Wood waliieleza fizikia yake mwaka 1968. Kwa nyota zenye tungamo sawa, kuporomoka kwa kiini huchukua mara 15 hivi ya muda wa kusawazika. Lakini nyota halisi hazina tungamo sawa, na hilo linaharakisha mambo mno.

Nyota nzito inapokutana na nyepesi, huelekea kugawana nishati mwendo. Nzito inapunguza kasi na kuzama, nyepesi inapanda. Muda wa kuzama ni ule wa kusawazika ukigawanywa kwa uwiano wa tungamo. Shimo jeusi la mara 20 ya Jua kati ya nyota za nusu Jua lina uwiano wa 40, kwa hiyo katika fungu letu linafika katikati baada ya miaka kama milioni 12 tu. Spitzer alionyesha mwaka 1969 kwamba nzito zikiwa nyingi vya kutosha usawa wa nishati haufikiwi kamwe: zinajitenga na kuunda fungu dogo ndani ya fungu. Zile nyota za buluu ambazo Sandage alizibaini katika fungunyota M3 mwaka 1953, zinazoonekana changa kuliko zinavyopaswa kuwa, ni zao la jozi zilizopeana mada au za nyota zilizoungana. Ni nzito kuliko jirani zake, kwa hiyo huzama, na jinsi zilivyojipanga kuelekea katikati hutumika kama saa ya kuonyesha fungu limefika wapi katika mabadiliko yake.

Basi kama kiini kinaporomoka bila breki, mbona anga halijajaa vitobo? Takriban fungunyota moja kati ya matano katika galaksi yetu linaonyesha dalili za kiini kilichoporomoka. M15, M30 na NGC 6397 ni mifano maarufu. Mengine yamebaki na kiini kipana. Kuna kitu kinachoyalipia nishati.

Hapo ndipo jozi zinapoingia.

Nyota mbili zinazozungukana zina akiba ya nishati: zikisogeleana, akiba hiyo hutolewa. Nyota ya tatu inayopita karibu inaweza kuondoka na kasi zaidi kuliko iliyokuja nayo, na jozi ikabaki imekazana zaidi. Heggie na Hills walilifafanua hili mwaka 1975, kila mmoja kwa njia yake. Jozi iliyokaza huzidi kukaza. Iliyolegea huzidi kulegea mpaka ikavunjika. Aliye nacho huongezewa, na asiye nacho hunyang'anywa hata kile kidogo. Mpaka kati ya kukaza na kulegea hupatikana kwa kulinganisha nishati ya jozi na nishati mwendo ya nyota ipitayo. Tungamo la Jua kwa umbali wa kizio kimoja linakupa 887 kwa kilomita kwa sekunde zikizidishwa zenyewe. Chukua namba hiyo, izidishe kwa tungamo la nyota moja, igawanye kwa mara mbili ya mtawanyiko wa kasi uliozidishwa wenyewe. Fungunyota letu linakupa vizio 25 hivi. Katikati ya 47 Tucanae, ambako mtawanyiko ni kama kilomita 12 kwa sekunde na nyota ni nzito kidogo, mpaka uko kati ya vizio 2 na 3. Jozi ileile basi inaweza kuwa imara hapa na kufa kule.

Tazameni sasa hesabu inayonifanya niseme jozi ndizo zinazotawala. Nishati yote inayolishikilia fungunyota letu la nyota 100,000 ni kama 700,000, kwa kipimo cha tungamo la Jua mara kilomita kwa sekunde zilizozidishwa zenyewe. Mashimo meusi mawili, kila moja mara 20 ya Jua, yakizungukana kwa umbali wa robo ya kizio, karibu zaidi kuliko Utaridi na Jua, yana nishati hiyohiyo. Jozi moja! Kwa hesabu hiyo ingeweza kulivunja fungu zima.

Haifanyi hivyo, na sababu ni ya kimakanika tu. Kila jozi inapoisukuma nyota ya tatu, nayo inasukumwa nyuma, kama bunduki inavyorudi begani. Katika fungunyota jepesi kama hili kasi ya kutoroka ni kilomita 10 hadi 15 kwa sekunde. Mashimo meusi yale yakiwa bado vizio vichache mbali, msukumo wa kukutana na la tatu la ukubwa wao unatosha kulitupa nje lile la tatu, na baadaye jozi yenyewe. Huko nje jozi inaendelea kuzungukana peke yake. Zile zilizotoka zikiwa zimekazana vya kutosha hupoteza nishati kwa mawimbi ya mvutano mpaka zikaungana, na hii ni mojawapo ya njia zinazotajwa kueleza miungano ya mashimo meusi inayonaswa tangu Septemba 2015.

Fungunyota lisilo na jozi tangu kuzaliwa hutengeneza zake. Inahitajika nyota tatu zikutane pamoja, na kasi ya tukio hilo inapanda kwa mchemraba wa msongamano na kushuka kwa mtawanyiko wa kasi uliopandishwa hadi 9. Kwa hiyo hakuna jozi mpya mpaka kiini kiwe kimesinyaa kupita kiasi, halafu ghafla zinakuja. Ndiyo breki ya mwisho. Baada ya hapo kiini hupanuka na kusinyaa tena. Sugimoto na Bettwieser walilitabiri mwaka 1983, Goodman akaonyesha kwamba mapigo hayo yanahitaji nyota zaidi ya 7,000 hivi, na Makino akayaona kwa nyota 32,000 mwaka 1996 kwa kompyuta ya GRAPE, iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya kuhesabu mvutano peke yake.

Hapa kuna wazo la Hénon ambalo kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote katika fani hii. Kiini hakiamui kitoe nishati kiasi gani. Viunga ndivyo vinavyoamua, kwa jinsi vinavyoweza kuisafirisha. Kiini hujirekebisha, kinasinyaa au kupanuka, mpaka jozi zake zitoe kiasi kile kinachodaiwa. Jua nalo hufanya hivyo: mng'ao wake haupangwi na ukali wa tanuru lake, bali na jinsi tabaka za juu zinavyoruhusu nuru ipite. Kwa hiyo ukiona fungunyota lenye kiini kipana, usiseme halijabadilika. Huenda lina mashimo meusi mengi yanayolipa deni kwa ukarimu.

Ukingo wa fungunyota nitaupitia haraka. Nyota zilizopata kasi inayozidi ile ya kutoroka huondoka. Kwa wastani ni asilimia 0.7 hivi kwa kila muda wa kusawazika, kama fungu lingekuwa peke yake. Galaksi inaongeza kasi ya hasara hiyo kwa kukata mpaka. Kuupata mpaka huo, chukua kanuni ya mvutano mara tungamo la fungu, gawanya kwa mara mbili ya kasi ya mzunguko wa galaksi iliyozidishwa yenyewe, tafuta kipeuo cha tatu, kisha zidisha kwa umbali kutoka katikati ya galaksi uliopandishwa hadi theluthi mbili. Fungu letu likiwa parsek 8,000 kutoka katikati, na kasi ikiwa kilomita 220 kwa sekunde, mpaka uko parsek 50 hivi. Fungunyota la Palomar 5 limeshaonyesha mwisho wa njia: mikia miwili ya nyota iliyoonekana mwaka 2001, ikienda mbele na nyuma yake katika mzingo. Na mwaka 2021 ilipendekezwa kwamba kilichoipanua hivyo ni mashimo meusi, ambayo sasa yanaweza kuwa zaidi ya asilimia 20 ya tungamo lake.

Sasa kazi ya mikono. Erik Holmberg mwaka 1941 alitumia balbu 37 kwa kila galaksi, akipima mwanga badala ya mvutano, kwa kuwa vyote hupungua kwa umbali uliozidishwa wenyewe. Von Hoerner mwaka 1960 alihesabu nyota 16 kwa kompyuta. Sverre Aarseth akatumia maisha yake kutengeneza programu ambazo karibu kila mtu katika fani anazitumia au anatumia zilizozaliwa kutokana nazo. Mwaka 2016 ndipo nyota milioni moja zilipofuatwa kwa miaka bilioni 12. Kwa nini imechukua muda mrefu hivyo? Nyota milioni moja zina jozi za mvutano bilioni 500, na kila hatua lazima zihesabiwe upya. Juu ya hayo, nyota mbili zilizokazana huzungukana kwa siku kadhaa huku wewe unataka kufika miaka bilioni 12.

Anayetaka kujaribu aanze hivi. Chagua mpangilio wa mwanzo: ule wa Plummer ni rahisi, wa King ni bora kwa kuwa una mpaka. Tumia vipimo ambavyo kanuni ya mvutano ni 1, tungamo lote ni 1 na nishati yote ni hasi robo. Kisha rekebisha kasi ili nishati mwendo iwe nusu ya ile ya mvutano. Na hapa ndipo wengi huteleza kwa mara ya kwanza: wanaweka jozi ndani kama nyota mbilimbili kabla ya kurekebisha. Nishati ya ndani ya jozi inameza ile ya fungu zima, programu inatii, na fungu linaanza likiwa baridi au la moto kupita kiasi. Tawanya kwanza vitovu vya jozi kana kwamba ni nyota moja moja, rekebisha, ndipo uzifungue.

Ili kuzisogeza nyota, tumia mbinu ya hesabu ya Hermite ya daraja la nne, yenye hatua ya muda tofauti kwa kila nyota, hatua zikiwa za nusu, robo, thumuni na kuendelea ili nyota nyingi zisogee pamoja. Kigezo cha usahihi kati ya 0.01 na 0.02 kinatosha. Jozi zilizokaza zisihesabiwe kwa njia ya kawaida. Nyota zikikaribiana mvutano unaelekea kutokuwa na kikomo, hatua inakuwa ndogo mno, makosa yanalundikana. Mageuzi ya Kustaanheimo na Stiefel ya mwaka 1965 yanahamisha jozi kwenye vipimo vinne, ambako mzingo unageuka kuwa mtikisiko laini kama wa springi. Kwa nyota tatu au nne zilizoshikana, kuna mbinu ya mnyororo.

Wapo wanaotaka njia ya mkato: wanaulainisha mvutano, ili chini ya umbali fulani usiongezeke tena. Kwa galaksi inafaa. Kwa fungunyota ni kosa la msingi, kwa sababu umeziua jozi zilezile zinazolipia kila kitu. Kiini chako kitaporomoka mpaka kwenye urefu wa kulainisha, kitasimama pale, na utadhani umegundua kitu.

Angalia nishati kila hatua ya kuripoti, lakini usilinganishe kosa na nishati yote. Ikiwa jozi moja ina nishati mara tano ya ile ya fungu, kosa la sehemu moja kwa elfu ya jumla linakuwa zaidi ya nusu ya asilimia ya fungu lenyewe, na linarudi kila hatua. Linganisha na nishati ya nje ya jozi. Kosa likiruka ghafla, tafuta jozi iliyokuwa katika mkutano wakati huo; mara nyingi utaipata. Usitegemee pia njia ya nyota mojamoja: Miller alionyesha mwaka 1964 kwamba tofauti ndogo ya mwanzo hukua kwa kuzidishana katika muda mfupi. Fanya mifano kadhaa yenye mbegu tofauti za namba nasibu, uchukue wastani. Wala usiendeshe nyota 10,000 ukadai ni laki moja kwa kubadilisha saa tu: kusawazika kunategemea idadi ya nyota, lakini nyota yenyewe inazeeka na kupoteza tungamo kwa saa yake, isiyojali majirani ni wangapi.

Kwenye darubini mtego ni uleule kwa sura nyingine. Ili kupata tungamo, unapima mtawanyiko wa kasi, unauzidisha wenyewe, unazidisha kwa nusukipenyo cha nusu ya mwanga na kwa 10 hivi, halafu unagawanya kwa 0.0043. Kosa la mtawanyiko linaingia mara mbili. Sasa jozi ya nyota za 0.8 na 0.5 ya Jua, kizio kimoja mbali, inaizungusha ile kubwa kwa kilomita 13 kwa sekunde. Katika fungunyota zito haisumbui sana. Katika fungunyota hafifu la Palomar 14, nyota 16 zilitoa mtawanyiko wa kilomita 0.38 kwa sekunde. Ukiongeza nyota moja tu ya shaka unapanda hadi 0.64, na tungamo linakuwa karibu mara tatu. Kwa mifumo midogo na hafifu, nyota moja inaweza kukufanya udai mada nyeusi, ile isiyotoa mwanga, mahali isipokuwepo. Dawa ni kupima kila nyota angalau mara mbili, kwa kupishana mwaka au zaidi, na kuziweka kando zinazobadilika. Dawa nyingine ni mwendo wa pembeni angani, ambao setilaiti ya Gaia, iliyorushwa mwaka 2013 na kuzimwa mwaka 2025, iliupima, na darubini ya Hubble huupima: jozi iliyokaza inazunguka mara nyingi ndani ya miaka ya vipimo na mtikisiko wake ni mdogo, kwa hiyo unaona mwendo wa kitovu chake tu. Kwa umbali wa parsek 5,000, kilomita 10 kwa sekunde ni sehemu 0.42 za elfu ya sekunde ya tao kwa mwaka (sekunde ya tao ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600). Gaia iliweza hilo viungani. Katikati nyota zimebanana mno na ni kazi ya Hubble.

Kuna pia suala la kitovu. Majitu mekundu machache, yaani nyota zilizozeeka na kuvimba, yanatoa sehemu kubwa ya mwanga, kwa hiyo mahali penye mwanga mwingi si lazima pawe katikati. Kwa Omega Centauri kazi ya mwaka 2008 na ile ya mwaka 2010 zilitumia vitovu tofauti zikafikia majibu tofauti kuhusu shimo jeusi. M15 nayo ilidaiwa kuwa nalo mwaka 2002. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba nyota nyutroni na vibete vyeupe, mabaki ya nyota zilizokufa, vilivyozama vinatosha kueleza kasi zile.

Mwaka 2024 kundi linaloongozwa na Maximilian Häberle lilitumia picha za Hubble za zaidi ya miaka 20, nyota milioni 1.4 za Omega Centauri, na kukuta nyota 7 ndani ya sekunde 3 za tao kutoka katikati, zikienda kasi kuliko nyota za fungu peke yake zinavyoweza kuzishikilia. Ili zisitoroke, panahitajika kitu cha angalau mara 8,200 ya tungamo la Jua. Swali la kwanza la mtu aliyeumwa na jozi ni hili: je, nyota hizi saba ni jozi? Jozi yenye kasi ya namna hiyo ingezunguka mara nyingi katika miaka 20, na nyota ingerudi palepale badala ya kusonga mbele kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo hapana. Linalobaki ni kama kitu hicho ni shimo moja au ni bumba la mashimo madogo yaliyozama, na hilo litaamuliwa na mchapuko: nyota iliyo karibu na shimo moja itapindisha njia yake kuelekea nukta moja, na mpindo huo unakua kadiri muda unavyopita, hivyo kila picha mpya inaongeza nafasi ya kuuona.